Mhabeshi wa Ipagala

Sijafika hata penye turubai, nikasikia sauti ya kikongwe ikiita kutoka upande wa wanaume: "Mhabeshi huyo! Mhabeshi kaingia, ficheni watoto!" Watu wakaangua kicheko palepale msibani, na wale wasionijua wakageuka kunitazama pua. Nami sikumwacha hivihivi. Nikasema kwa sauti kwamba nimekuja kuhakikisha kama kweli Mama Nyemo amekufa, maana namjua, huenda amejilaza tu humo ndani anasikiliza nani analia kwa moyo na nani anasubiri kuitwa kula. Nyemo, binti yake, ambaye siku hizi naye ana wajukuu, alitoka akanikumbatia, anacheka huku machozi yanamtoka. Yeye ndiye aliyenipigia simu. "Ma'mdogo, mama ameacha neno," aliniambia. "Amesema asizikwe mpaka mtani wake afike amwigize." Basi nikapanda basi la asubuhi kutoka Kondoa, na njia nzima nilikuwa nakumbuka mwendo wa marehemu, ule wa kuvuta mguu wa kushoto, na ile tabia yake ya kuinamisha kichwa upande mmoja kila aliposikia neno lisilomhusu. Nilishamwiga mara nyingi akiwa hai, mbele ya macho yake, naye akanirushia mwiko. Sikudhani kumwiga akiwa ndani ya sanduku kungenitia hofu.

Niseme ukweli wangu mapema. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja najiuliza anataka nini. Mkwe wangu akiniletea kitenge kizuri, kwanza nakaa kitako kufikiri ni habari gani mbaya inafuata nyuma ya kitenge. Ugonjwa huu najua nilikouokota: ni hapahapa Ipagala, katika nyumba ya Mama Nyemo, mwaka ule nilipofundishwa kuwa Mhabeshi nikafuzu kupita kiasi, hadi nikapelekwa ofisi ya kata nithibitishe kwamba mimi ni Mtanzania. Kuna mtu alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi akanisema. Moyoni sikuwa na shaka kwamba mtu huyo ni Mama Nyemo. Sikumwuliza hata siku moja, naye hakunieleza. Tulitaniana juu ya mkasa ule miaka yote, tukapeana wageni, tukauguziana watoto, lakini chini ya utani ule mimi nilikuwa nimelificha jiwe langu, na nilikuja nalo msibani.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kinachotazama jiko. Nilikuwa nimekuja mjini kujifunza kupiga chapa, na Mama Nyemo, mjane wa Kigogo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha. Nyumba haikuwa na dari. Kuta zilipanda zikaishia pale fundi alipochoka, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, maneno yakipita juu yake kama kuku wanaoruka ua. Ukikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anakwambia pole. Jirani yangu wa ukutani alikuwa Bwana Temu, karani katika ofisi moja ya serikali, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi ya mkaa na kusikiliza redio kwa sauti ya chini mno. Sikumwamini kwa sababu hiyo ya redio. Jioni tulikula pamoja uani, ugali wa uwele na mlenda, na Mama Nyemo alinicheka nilivyokuwa nikiuvuta mlenda ukanining'inia kidevuni. "Kwenu Kondoa mnakula nini, mawe?" Lakini alinimegea ugali wa katikati, ule laini, na alikuwa hamwekei mtu mwingine.

Zilikuwa enzi za ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na kila wiki alishuka mtu mjini ambaye hakuna aliyejua amekuja kufanya nini. Zamani mgeni alikuwa na barua ya kijiji na sababu inayoeleweka. Sasa alikuwa na miwani ya jua. Kila aliyepita aliachiwa jina: huyu anatafuta madini, yule anatafuta shamba la kuwanyang'anya watu, na yule asiyetafuta chochote ndiye mumiani, anatafuta damu. Hata balozi wetu, Mzee Chibago, alikuwa kwenye mashaka yake. Redio zilikuwa zimeanza kusema juu ya vyama vingi, na hakuna aliyeweza kumwambia kama vyama vikiwa vingi yeye atabaki kuwa balozi wa nani. Alikuwa akizunguka nyumba zake kumi mara nyingi kuliko zamani, akiuliza wageni, ili mradi tusimsahau.

Ndipo akatokea Bwana Rajabu. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, shati la maua, na alisimama soko la Majengo akiwatazama wanawake usoni, si kifuani, jambo lililotutisha zaidi. Aliwafuata wale wa Kondoa tu, wenye pua zetu nyembamba: wauza vitunguu, wauza asali, na mimi niliyekuwa nimekwenda kununua karanga. Alisema kuna Wazungu wanapiga picha ya sinema inayohusu watu wa Uhabeshi waliokimbia njaa na vita. Huko kwenyewe wamenyimwa ruhusa ya kuingia, na wameona nchi ya Haneti, mawe yake na ukavu wake, inafanana na kule. Sasa wanatafuta watu wanaofanana pia. Nilimwuliza kwa nini wasiwatafute Wahabeshi. Akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Dada, kwenye picha haihitajiki uwe. Inahitajika uonekane." Nilipomsimulia Mama Nyemo, alikuwa akipepeta uwele. Ungo ukasimama. "Mwanangu," alisema, "mtu anayetafuta pua, huyo ameshaondoka nyumbani kwake akitafuta damu." Hata hivyo siku ya kuchaguliwa alivaa khanga mpya, akaja nami.

Walituchagulia katika ukumbi wa shule moja. Mwongozaji alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mabega ya kuning'inia, aliyeunganisha vidole vyake vikawa dirisha, akatuchungulia mmoja mmoja ndani ya dirisha hilo. Hakujua Kiswahili. Bwana Rajabu alikuwa ndiye mdomo wake, na neno lake lilikuwa moja: "Siye," na mtu anaondoka. "Siye. Siye. Ndiye." Nilipofikiwa alisema "ndiye" kabla sijatulia. Mama Nyemo alipofikiwa, Mzungu hata vidole hakuinua. Bwana Rajabu akasema, "Mama, wewe ni Mgogo kabisa, hadi kisogoni." Watu walicheka. Mama Nyemo naye alicheka, akaenda zake akivuta mguu, na jioni ile ugali wa katikati alikula mwenyewe. Nilikumbuka sana jioni hiyo baadaye, nilipokuwa nikitafuta nani wa kumshuku. Kisasi huanzia mahali padogo.

Haneti walijenga kambi ya mahema na kijiji kizima cha uongo, nyumba za upande mmoja tu, ukizunguka nyuma unakuta miti ya kuegemeza. Hata chakula kiliigiza. Wahabeshi wana mkate wao mpana wenye ukali wa kuchacha, na kwa kuwa nafaka yake haikupatikana kwetu, ulipikwa kwa unga wa uwele wa pale kijijini, tukawa tunaula mbele ya kamera kwa heshima kubwa, sisi ambao uwele tulikuwa tumeuacha nyumbani. Aliyeupika alikuwa Bi Hiruti. Huyo alikuwa Mhabeshi wa kweli, mkimbizi aliyekuwa akiishi Nairobi, na walimleta atufundishe kutembea, kumimina kahawa, kujifunga shuka jeupe na kuomboleza. Alikuwa mnene, mweusi, uso wa duara. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini yeye hakupewa kuwa mhusika. "Nimeombwa," alisema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "halafu huyo mrefu ameangalia kwa vidole, amesema mimi sifanani na mtu wa Ethiopia." Akaendelea kukanda. "Hata baba yangu hakuwa amejua."

Hakutupenda, na sikumlaumu. Alitukagua kama mwenye mali anayekagua wezi waliorudisha vyombo. Mimi nilipewa kuwa binti anayemlilia mama yake aliyefia njiani, maneno machache tu ya Kihabeshi, inate, wedeti hedishi, mama yangu, umekwenda wapi, lakini nilitakiwa niyaseme kama niliyezaliwa nayo. Nikisema, Bi Hiruti anatikisa kichwa. "Wewe unalia kama mtu ameumwa na jino." Akanituma nirudi mjini zile siku za kungoja mitambo ya taa, nikiwa na amri moja: niseme maneno hayo nikilala na nikiamka, mpaka yaache kuwa maneno ya kukariri.

Na nilirudi na kitu kingine. Mabinti wa Kihabeshi wa vijijini huchorwa msalaba mdogo katikati ya paji la uso. Mzungu mwanamke aliyetupamba alitupaka rangi zake za kopo, lakini jua la Haneti halikuwa na mchezo, msalaba ulitiririka hadi puani. Basi akaenda sokoni kutafuta rangi isiyoshuka, mwuzaji akampa piko, ileile wanayojipamba nayo maharusi, na hakuna aliyemwambia kwamba piko haioshiki. Mimi niliyaona makopo na nikajua ni nini, ila nilidhani Wazungu wana dawa ya kuiondoa. Hawakuwa nayo. Nikarudi Ipagala, binti wa Kiislamu kutoka milima ya juu ya Kolo, na msalaba mweusi usoni. Niliusugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa jiwe la kusugulia miguu. Nikavuta khanga hadi kwenye nyusi na kusema nina kipandauso.

Sasa fikiria nyumba ile isiyo na dari. Jioni, watu wamemaliza kula, chumba cha nyuma mwanamke anaomboleza kwa lugha isiyojulikana. Nilijitahidi kufanya taratibu, nikafunika mdomo kwa mto, lakini kilio ni kilio. Siku moja redio ya Bwana Temu ilizimwa ghafla, na kimya kilichofuata kilikuwa na masikio. Kesho yake asubuhi, nikiwa nachota maji pipani, nikasikia mazungumzo jikoni. Bwana Temu alikuwa anasema, "Mama, tumia akili. Mpishi anatafutwa kwa mafundi baiskeli? Wanataka Wahabeshi, wamemchukua yeye. Kwa nini wamemchukua yeye?" Mama Nyemo akajibu kitu ambacho sikukishika. Bwana Temu akaongeza, "Na ule msalaba ameuficha kwa sababu gani?" Nilipoingia walinisalimu wote wawili kwa pamoja, kwa uchangamfu mwingi, na hapo nikajua. Tangu siku hiyo Mama Nyemo alianza kunitazama. Nikila, ananitazama. Nikitoka bafuni, ananitazama mahali khanga ilipoishia. Usiku nilisikia kitanda chake kikilia anapogeuka, kumbe naye hakulala. Na mimi nikaacha kula uani. Nilijifungia na mikate yangu, na chuki ikaanza kunivimba kama unga uliotiwa hamira.

Siku ya kulia ilipofika, Haneti, niliona kitu ambacho sijakisahau. Mama yangu wa kwenye picha, yule maiti, alitakiwa alale chini amefunikwa shuka jeupe mwili mzima. Kwa kuwa haonekani, haikujalisha ni nani. Wakamlaza Bi Hiruti. Mhabeshi pekee katika sinema nzima ya Wahabeshi akawa yule aliyefunikwa. Nikapiga magoti. Nikalia. "Bado siye," akaita Bwana Rajabu. "Tena." Nikalia tena. "Bado siye." Jua likatuchemsha. Na kila nilipokosea, maiti alinisahihisha kutoka chini ya shuka kwa sauti ndogo: "Usitazame kamera. Mikono kifuani. Mvute." Mara ya mwisho nilipoita inate, hakunisahihisha. Nikahisi shuka linatetemeka chini ya viganja vyangu. Alikuwa analia humo ndani. Baadaye aliniambia mama yake alifariki wakati yeye yuko kambini, habari ikamfikia mvua mbili zimeshapita, na kwamba hakuwa amepata bado mahali pa kumlilia. Lakini wakati ule sikujua. Nilihisi tu mtetemo ule, nikasahau taa na Wazungu, nikamkumbatia nikalia kwa uchungu wa kweli ambao sikujua ni wa nani. Mwongozaji alilalamika kwamba maiti anatikisika. Kisha akatulia, akasema neno, na Bwana Rajabu akalitafsiri polepole: "Ndiye huyo."

Niliporudi Ipagala nilikuta Mzee Chibago amekaa kwenye kigoda changu mlangoni, na mgambo mmoja amesimama. Balozi alikuwa amevaa shati lake la kijani la mikutano. "Binti," alisema, "tuna taarifa kwamba wewe si wa hapa." Nikamwambia mimi ni Zaituni, Mrangi wa Kondoa, ananijua, nimemsalimu shikamoo tangu nihamie. "Shikamoo hata kasuku anaweza kufundishwa," akasema. Mama Nyemo alikuwa amesimama penye mlango wa jiko, khanga mdomoni. Nilimtazama nikiwa natolewa, nikamsomea yote machoni mwake, au nilidhani nimeyasoma.

Ofisi ya kata ilikuwa chumba chenye benchi na dirisha lisilofunguka. Kulikuwa na afisa aliyetumwa kutoka mjini, mtu mpole, asiye wa mkoa ule, na upole wake ndio ulionitia baridi. Alinieleza kwamba wako watu wengi wanaotoroka vita huko kaskazini, kwamba si kosa la jinai kukimbia njaa, ila lazima nipelekwe kambini pamoja na wenzangu, na shuleni nisirudi. Akaniomba nivue khanga kichwani. Nikavua. Wote wakautazama ule msalaba. Nikasema ni piko. Mzee Chibago akacheka. Nikasema niko tayari kuongea Kirangi, nikaongea, na hakuna aliyejua Kirangi. Kwao lugha ile na ile niliyolia chumbani zilikuwa moja. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba uraia ni kitu kinachoweza kukudondoka kama pini ya nywele, na ukageuka usione kilipodondokea. Nilijiona kwenye lori, nikienda kambini na Bi Hiruti, nikimlilia mama yangu wa Kolo kwa maneno ya kukariri.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Mzee Swalehe, muuza asali wa Majengo, mtu wa kwetu, kofia yake ya kufuma imekaa upande, na nyuma yake alikuwa Mama Nyemo, miguu imejaa vumbi hadi magotini, anahema. Niliona vumbi lile nikasema moyoni, amezunguka mtaa mzima kutangaza, na sasa amekuja kuona mwisho. Afisa akauliza, "Mzee, unamfahamu binti huyu?" Lazima ujue kwamba ukoo wa Mzee Swalehe na ukoo wetu ni watani tangu mababu, hawajawahi kupishana njiani bila matusi. Akanizunguka. Akaniangalia meno kama mnunuzi wa punda. "Huyu? Simjui. Hawa si watu, afisa. Babu yake tulimkuta porini anakula mizizi, tukamwonea huruma tukamfundisha moto. Mpelekeni mnakompeleka, kule kwetu tutapumua." Mzee Chibago akapiga paja: "Umesikia, afisa! Mwenyewe amemkana!" Na afisa akashika kalamu.

Sikupanga nililolifanya. Hasira na hofu na mazoea viliinuka pamoja. Nikamrukia Mzee Swalehe, nikampokonya ile kofia, nikaikalia. "Mwizi wa mizinga!" nikamwambia. "Ukoo wenu wote nyuki wanaujua kwa majina! Siku utakayokufa ndiyo nitakuja kuimba, na sanduku lako nitalikalia mpaka wanao wanilipe kuku, na kofia hii ndiyo nitakayopikia!" Mzee Swalehe alicheka hadi akashika ukuta. Afisa alikuwa ameinua uso. Alinitazama, akamtazama mzee, na nikaona kinywa chake kinaanza kucheza pembeni. "Mzee Chibago," alisema, "kwetu mimi nina watani ambao walimzuia mama yangu kuzikwa hadi saa kumi. Mhabeshi anaweza kufundishwa shikamoo. Hili nani amemfundisha?" Akaweka kalamu chini. "Binti, mrudishie mzee kofia yake, uende nyumbani."

Nje, Mama Nyemo alitangulia mbele yangu bila kunishika wala kunitazama. Tulipofika nusu ya njia akasema tu, huku ananipa mgongo, "Mhabeshi, twende ukale, mlenda unakauka." Nikajibu, "Afadhali mlenda kuliko roho yako." Hivyo ndivyo utani wetu ulivyoanza. Wengine wameurithi kwa mababu, sisi tuliuokota njiani. Ila neno langu lile la roho halikuwa la utani, na kwa miaka yote hii sikujua kama alilitambua. Sinema yenyewe sikuiona kamwe. Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu habari ya vijana wa Kihabeshi waliokamatwa njia ya Kondoa, wamefichwa ndani ya lori la magunia. Wamekaa chini kwa mstari, wembamba, macho makubwa. "Bibi, hawa kama wajomba," alisema. Nikatazama mikono yao, nikajiuliza ni nani kati yao amemwacha mama asiyezikwa, na nani aliyekwenda kuwasema.

Msibani, baada ya sala, kabla ya jeneza kuinuliwa, wakaniita. Nyemo akaniletea khanga ya marehemu na mwiko wake. Nikajifunga. Nikavuta mguu wa kushoto, nikainamisha kichwa, nikaegesha sikio kwenye ukuta usiokuwepo, na kelele za kicheko zikapanda hadi kwenye turubai. Wanamjua. Nikapata nguvu. Nikaamua kulitoa jiwe langu mbele ya watu wote, maana mtani hakasirikiwi, na maiti hawezi kukana. Nikawaonyesha siku ya Mhabeshi: Mama Nyemo amesikia kilio ukutani, macho yanamtoka kwa furaha ya umbea, anashika mkia wa khanga, anakimbia kwa balozi anaruka vichaka, "Balozi, balozi, nimemnasa!" Watu walikufa kwa kucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, na ndani ya kicheko nilikuwa nasema, haya, sasa umesikia, Mama Nyemo, nilijua.

"Umekosea hapo."

Alikuwa ni yule kikongwe wa upande wa wanaume, Mzee Chibago mwenyewe, amekunjwa kitini kama koti la mtu mwingine, fimbo kati ya magoti. "Siku ile hakuja hivyo," alisema. Kicheko kikapungua. "Ni kwangu alikokuja, namkumbuka. Hakukimbia wala hakufurahi. Alikuja analia. Alisema, balozi, kuna mtoto kwangu wanamgeuza. Wamempiga chapa usoni, analia kilio cha watu wengine, hali tena chakula changu. Nisaidie kabla hawajaondoka naye." Akaegemea fimbo yake. "Neno la mgeni nilijitungia mimi. Nilitaka nionekane nina kazi. Alipoona umechukuliwa alinitukana tusi nisiloweza kulitaja mbele ya mchungaji, akaenda sokoni kwa miguu, jua la saa saba, kumtafuta mtu wa kwenu."

Hapakuwa na anayecheka tena. Nilisimama na mwiko wa watu mkononi. Niliyaona yale magoti yenye vumbi, nikaona kitanda kile kikilia usiku na mimi upande wa pili wa ukuta nikikihesabu kuwa ni cha adui, na nikauona ugali wa katikati, laini, unaonisubiri uani hadi unapoa. Moyo uliniuma, nasema wazi, uliniuma kama umeshikwa. Nyemo akanigusa bega. "Ma'mdogo, ukichoka acha." Nikatikisa kichwa. Mama yake alisema asizikwe mpaka nimwigize, na nilikuwa bado sijamwigiza. Nikarudi pale nilipoanzia, kwenye pembe ya turubai. Nikajifunga khanga upya. Nikavuta mguu wa kushoto, nikaja polepole kuelekea kwa Mzee Chibago, mikono kifuani, nikilia, nikisema kuna mtoto kwangu wanamgeuza, nisaidie kabla hawajaondoka naye. Sikumtazama mtu. Nilipofika mbele ya kiti chake sikuweza kwenda mbele zaidi, nikakaa chini kwenye mkeka.

Kikongwe aliweka kiganja chake kichwani kwangu.

"Ndiye huyo," alisema.